Wingu Yenye Haikukuwa

Bukavu, siku ya ine ya juma

Wingu! Leo asubuhi, wakati satellite ilipita juu ya ziwa, mimi na Papa Bahati, mvuvi, tulikuwa ndani ya pirogue yake, mtumbwi ya mbao, ku baie, pahali ziwa inaingia ndani ya inchi, jua inatuchoma shingo. Mbinguni hakukuwa hata wingu moja. Maji ndiyo ilikuwa imepauka kama chai ya maziwa, sababu ya udongo na uchafu yenye mvua ya jana iliteremusha toka ku milima. Nikateka chupa mbili za maji ya kupima.

Sasa picha ya satellite imefika. Pahali tulikuwa, programme yenye kusoma picha imefuta yote, imeweka alama ya wingu. Wenye kuitengeneza waliifanya kwa maji ya bahari. Haijue maji inaweza pauka vile.

Chef wangu wa kazi akaniambia kwa telefone: "Andika tu wingu ku rapport, tuendelee." Hasira ikanikatalia kula.

Halafu maman akatokea na ndoo, robinet ya maji ya nyumba iko kavu tangu juzi. "Weye unaangaliaka ziwa toka mbinguni. Leo tunaweza teka?"

"Hapana, maman. Leo hapana."

Akatua ndoo bila kuuliza picha.

Rapport bado sijaandika. Na hapa ku dirisha ninasikia majirani wanashuka ku ziwa, mabidon yao ya kuteka maji inagongana.