Kiungo cha Paketi kwenye Sufuria ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Tangu Juni natia kiungo cha paketi kwenye mboga ya Mama.

Leo pia. Kisamvu. Mama alishakitwanga mwenyewe, nazi nimekuna mimi, tui nimechuja mimi. Akaniachia mwiko akaenda kuoga. Mama akioga ni dakika kumi. Nafungua mkebe wa jiometri, natoa paketi, natia kijiko kimoja, nakoroga. Paketi inarudi chini ya bikari. Akitoka ananikuta nimekaa kwenye kigoda vilevile alivyoniacha.

Nimeshazoea. Hilo ndilo linalonitisha.

Lilianza hivi. Mwezi wa tano Baba aliambiwa ana presha. Daktari akasema chumvi ipunguzwe. Mama hakupunguza, alifagia. Mafuta ya dukani akampa Bi Zuhura, jirani yetu. Akaanza kukamua mafuta ya nazi, kusaga karanga, dona badala ya sembe, mchicha wa bustani yetu ya nyuma. Chumvi ncha ya kijiko kwa sufuria nzima. Alisema Mungu ameshaweka ladha kwenye vyakula vyake, sisi ndio tumeharibu ndimi.

Wiki za mwanzo Baba alikuwa anakula matonge manne, anasema ameshiba. Mama anaitazama ile sahani. Ule uso siwezi kuueleza. Nikaenda kununua paketi dukani kwa Mangi. Siku ile Baba aliongeza ugali. Kwenye sala ya jioni Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akautaja mpaka mchicha.

Baada ya hapo ningesema nini?

Mwezi uliopita alipeleka kisamvu kanisani, na sasa akina mama wa huko wanakuja kujifunza kwake. Wanarudi wakilalamika kuwa chao hakifanani na chake. Mama anawaambia nazi ikunwe kwa mkono, na mtu asipike akiwa na hasira.

Jumatano, 6 Agosti

Baba na Mama wametoka hospitali. Presha haijashuka. Imepanda. Daktari ameongeza dawa.

Mama alinisimulia tukichambua mchicha. Daktari aliuliza kuhusu chumvi, Mama akaapa kuwa nyumbani hakuna. Nesi akacheka, akasema mama, hawa waume zetu wanakula njiani. Mama alisimulia bila kucheka.

Baba anasema anakula kile anachofungiwa tu: muhogo wa kuchemsha, parachichi, ndizi. Namwamini. Mama anamwamini kwa mdomo.

Nimetoa paketi nikaisoma nyuma. Maandishi madogo, Kiingereza kitupu. Shuleni tunasoma kila kitu kwa Kiingereza, hayanishindi. Cha kwanza kwenye orodha ni chumvi. Na tulishafundishwa kuwa kinachotangulia kuandikwa ndicho kingi kuliko vingine.

Miezi miwili naishika paketi hii na sijawahi kuigeuza. Kwangu chumvi ni ile nyeupe ya kwenye kopo. Hiki kilikuwa kiungo.

Nimekuwa nikimlisha baba yangu chumvi. Kwa kijiko.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo sijatia.

Daudi mdogo wangu ana miaka minane na hajui kuficha neno. Akasema, "Leo mboga imelala." Baba alikula nusu akasogeza sahani. Mama akaonja yeye mwenyewe, akaonja tena. Kisha akamgeukia Baba.

"Umeshibia wapi?"

"Sijashibia popote."

"Basi kula."

Akala. Kama mtu anayemeza klorokwini.

Nilidhani nikiacha tu mambo yatanyooka yenyewe. Sikujua kuwa ladha ikiondoka Baba ndiye atakayeulizwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Bi Zuhura alikuja kurudisha bakuli. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba huku anamtania Mama. "Shemeji nimemwona Usagara kwa muuza chipsi, kasimama kama kibanda ni chake. Hebu mpikie mume ashibe, mwaya." Akacheka. Mama naye akacheka, meno tu.

Bi Zuhura hana ubaya. Ndio utani wake. Lakini Mama alirudi kukaa, akatazama njia mpaka Baba alipokuja.

Baba ni fundi wa kuchomelea. Alieleza vizuri kabisa: kibanda cha yule mtu kimeoza miguu, anakitengeneza, kazi ya siku tatu. Mama akasema sawa. Kisha nikamwona uani, nilipokuwa nafua. Alichukua shati la Baba kwenye beseni, akalinusa. Akalirudisha polepole.

Lilinukia mafuta ya kukaangia. Lazima linukie. Alikuwa amesimama kwenye moshi wake siku nzima.

Nilifungua mdomo niseme. Nikamwomba anisogezee ndoo.

Jumamosi, 9 Agosti

Kwetu kila Jumamosi jioni, baada ya sala, tunaombana msamaha. Bibi wa Muheza, mama yake Baba, ndiye aliyewalea akina Baba hivyo. Kesho ni Meza ya Bwana, mtu asiende na kinyongo. Tunaanza na mdogo.

Daudi aliomba msamaha kwa kumfungia kuku kwenye debe. Mimi nikasema nimekuwa mvivu wa kuosha vyombo. Kila mara nasema vyombo.

Mama hakusema lake. Alimgeukia Baba, akangoja.

Baba akasema kama kuna mahali amekosea asamehewe.

"Sema ulichokosea."

"Sina, Mama Hilda."

Mama akafunga kitabu cha nyimbo. "Basi na mimi sina cha kusamehe."

Huwa tunamaliza kwa kushikana mikono. Leo hatukushikana.

Jumapili, 10 Agosti

Mama hakwenda Mezani.

Safu yetu ilisimama, yeye akavuta magoti pembeni tupite. Tangu nizaliwe sijaona. Watu waliona. Baba alikwenda, akarudi, akakaa akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

Nilikwenda mimi. Mimi mwenye kosa. Nilipiga magoti, nikanyoosha mikono, nikapokea. Naandika hivi nijichukie vizuri.

Jumanne, 12 Agosti

Wanaongea kwa kupitia Daudi. Mwambie baba yako maji tayari. Mwambie mama nimeoga. Daudi anafurahia kazi hiyo, anakimbia.

Chombo cha chakula cha Baba kikirudi, Mama anafungua anatazama ndani. Anahesabu maganda ya ndizi. Nimemwona.

Na anaonja mno. Anatia bizari, anatia tangawizi, anaonja, anatazama dirishani. Leo aliniambia, "Mkono wangu umepoa, Hilda. Sijui nimemkosea nini Mungu."

Nilikwenda chumbani nikashika ile paketi. Kijiko kimoja tu na nyumba ingetulia. Baba angeongeza ugali. Mama angeimba. Nilikaa nayo mpaka akaniita. Nikairudisha chini ya bikari.

Sijatia. Lakini pia sijaitupa. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo Baba hakungoja tuanze na Daudi. Sala ilipokwisha tu akaanza yeye.

"Mama Hilda, nilikula. Chipsi. Si mara moja. Nisamehe."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Akalia kwa muda. Akamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Baba akasema aliona aibu.

Baba hajui kusema uongo. Alikuwa anatazama kidole chake chenye kovu la moto, anakisugua. Mama hakuona kwa sababu alikuwa analia. Mimi niliona. Hakula chipsi. Hakula kitu. Alimwona mkewe amekaa peke yake kanisani, akatafuta kosa la kuungama.

Na kosa lenyewe ni langu.

Mama alimshika mkono. Daudi akaomba msamaha kwa jambo la kuku tena. Wakanigeukia mimi.

Nikasema nimekuwa mvivu wa kuosha vyombo.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekwenda Mezani pamoja. Mimi nimebaki nimekaa.

Nilipata kipaimara mwaka jana na sijawahi kukosa. Mama alipokuwa anarudi aliniona, akapunguza mwendo. Njiani akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Alinichemshia mchaichai na tangawizi. Akakaa kando yangu mpaka nikamaliza kikombe. Alikuwa anaimba chinichini. Ana furaha sasa, amesamehe. Amesamehe kitu ambacho hakikutokea.

Kesho. Nikikosa kesho sitasema tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimesema.

Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja karakana ya Baba. Alikuwa anakata vyuma, cheche zinaruka. Nilisimama mpaka akaniona, akapandisha miwani. Nikasema. Hakusikia, mashine inalia. Nikasema tena. Akaweka mkono sikioni. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwamba ni mimi, mimi ndiye niliyekuwa namtilia chumvi kwenye mboga.

Kumbe alikuwa ameshazima. Karakana nzima ilisikia. Mpaka mama wa maharage ya kando ya barabara aligeuka. Mimi, ambaye hata darasani mwalimu huniambia niongeze sauti.

Baba alinikalisha kwenye benchi. Nikaeleza yote: paketi, mkebe, dakika kumi za kuoga. Alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

"Mama," akaniambia, ndivyo anavyoniita akiwa mpole, "mimi nilidhani dawa zimenishindwa. Nilishaanza kufikiria nani atamsomesha Daudi."

Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nawaza aibu yangu tu.

Hakunipiga. Alisema niende nikamwambie Mama kabla yeye hajafika. Akitangulia yeye atakuwa amenisemea.

Nilimkuta jikoni anapepeta karanga. Nikaweka paketi mezani. Nikasema haraka nisipate nafasi ya kuacha. Aliigeuza paketi, akaisoma, akaishikia mbali kidogo kama anavyofanya bila miwani.

"Siku zote?"

Nikasema karibu zote.

"Na kile kisamvu nilichopeleka kanisani?"

Nikasema nacho.

Akakaa. "Nilisimama mbele za watu, Hilda. Nikamshukuru Mungu kwa ladha."

Ningependa angenipiga.

Baba alipoingia, Mama alikuwa bado amekaa, ungo mapajani. Alimuuliza swali moja tu: "Na wewe juzi uliungama dhambi ya nani?"

Baba akasimama palepale mlangoni. "Ulikuwa umeacha Meza kwa ajili yangu. Ningefanyaje?"

Mama akasema huo nao ni uongo, tena wa kwenye sala. Baba akasema ndiyo, ni uongo. Mama akaweka ungo chini, akatoka kwenda bustanini. Tulimwona kwa dirisha anang'oa magugu. Aling'oa na miche miwili ya bamia. Hakuna aliyemfuata, hata Daudi.

Aliporudi alinawa mikono kwanza. Kisha akamwambia Baba, mbele yetu, "Nililinusa shati lako. Nilihesabu maganda. Nisamehe."

Leo ni Jumatatu. Kwetu hatujawahi kuombana msamaha Jumatatu.

Mimi hajaniambia kitu bado.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya ibada Mama aliwaita akina mama wake pembeni. Akaniagiza nisimame karibu. Aliwaambia kwa ufupi kuwa kile kisamvu cha siku ile kilikuwa na kiungo cha dukani, hakujua, na yeye ndiye mwenye jiko. Jina langu hakulitaja. Lakini nilikuwa nimesimama pale, natazama viatu.

Mmoja alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema afadhali, yeye alishaanza kuzishuku nazi zake. Mwingine hakucheka. Alisema watoto wa siku hizi. Mama akamjibu kuwa mtoto ni wake, na kosa limeshaombewa msamaha.

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa amenisamehe. Kwa kusikia akimwambia mtu mwingine.

Leo nilikwenda Mezani.

Alhamisi, 28 Agosti

Jana Baba alipimwa. Imeshuka. Kidogo tu. Daktari amesema tuendelee hivyo hivyo. Baba alirudi na baiskeli yake akipiga kengele bila sababu.

Mama ameniachia tena mwiko. Anaenda kuoga kama zamani, wala harudi haraka kuchungulia. Nilikuwa nangoja achungulie.

Ila amenipa kazi. Kila siku nionje kabla ya wote, nimwambie kweli. Amesema ulimi wangu ndio ulioanza kujua kuwa chakula hakiliki, basi ulimi huohuo umsaidie. Hataki sifa, amechoka nazo.

Leo ni mchicha wa karanga. Nimeonja. Nikasema nzuri.

Si nzuri. Si mbaya pia. Vitunguu havikukaangwa vya kutosha, na inataka kitu kichachu. Aliniangalia kidogo, akasema haya, akarudi jikoni. Mimi nikaja huku kuandika. Jua bado liko juu ya paa la Bi Zuhura. Daudi anamfundisha kuku kuhesabu.

Nasikia kandambili. Ni za Mama, anaburuta mguu wa kulia. Ameshapita chumba cha Daudi. Anakuja kuniuliza tena, najua.

Nimefunika ukurasa kwa kiwiko. Nitamwambia atie ndimu.