Treni ya Kikombo Hadi Bahi, na Bendera Yako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua una haki ya kuifungua barua hii umenuna. Tangu mlipovuna karanga umekuwa ukimuuliza Shangazi kama nimeandika, na kila mara anakujibu bado. Nisamehe. Nyemo anaota meno, na mtoto anayeota meno hamwachii mama yake hata mkono wa kushika kalamu. Lakini nisikufiche, sababu kubwa ni kwamba nilitaka kwanza niwe na jambo la kukuambia. Sasa ninalo. Treni yangu imekubaliwa.

Ningekupigia, ila wewe kwenye simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuambia nimeuza nyumba. Masikio yako uliyaacha relini. Kwa hiyo naandika, na nakala naiweka kwenye kundi letu la wachezaji, kwa sababu wote kule wanauliza huyo baba gadi, msimamizi wa treni wa behewa la nyuma, ni nani, nami nimechoka kueleza kipande kipande.

Unalikumbuka lile gemu la treni kwenye simu yangu, ulilolichungulia Krismasi ukaniuliza, "Hiyo treni inampeleka nani?" Nikakujibu haimpeleki mtu. Ukasema, "Basi hiyo ni ya mizigo," ukarudi kwenye chai yako. Sasa sikiliza. Njia za kwenye gemu hilo zinajengwa na wachezaji wenyewe. Kundini tuko watu wa Morogoro, Tabora, Mwanza, kila mahali. Wanaojua kompyuta wanajenga, sisi wengine tunapendekeza. Safari hii wakasema kila mtu alete njia moja, itakayoshinda itajengwa. Wengi walileta treni ya umeme, na siwalaumu, ni nzuri na inakimbia. Mimi nilileta reli ya zamani, treni ya asubuhi na jioni ya watu wanaokwenda kazini na kurudi: Kikombo, Ihumwa, kituo kidogo nilichokibuni mwenyewe kwa ajili yetu wa Ipagala, Dodoma mjini, Zuzu, Kigwe, Bahi. Treni ya namna hiyo haipo. Ndiyo maana niliiomba.

Nimeiandika kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umembeba Nyemo akinyonya. Nilieleza tunapopandisha matenga ya zabibu, upande gani jua linampiga dereva usoni asubuhi, na vumbi la Kigwe linavyoingia hata madirisha yakifungwa. Walipenda. Kijana mmoja wa Tabora aliandika, "Huyu mama amelala relini nini?" Nikamjibu, karibu na hivyo.

Maana nililala kweli, Baba. Zile likizo ulizokuwa unanichukua kwenye behewa lako la nyuma, ukinitandikia koti lako juu ya sanduku, Mama akigomba kwamba mtoto wa kike atajifunza nini huko. Nilijifunza kuangalia. Kila stesheni ulishuka, ukapuliza filimbi, halafu kabla ya kufungua bendera ya kijani ulitazama nyikani, kulia, kisha kushoto. Nchi yetu ni tambarare, mtu anaonekana akiwa bado mbali kama kisiki kinachotembea. Nikakuuliza, tunamngoja kila mtu? Ukaniambia, "Aliyeinua kitambaa ameomba treni. Ambaye hajainua anakwenda shambani kwake, usimsumbue."

Na siku ile Kigwe, sijui kama unaikumbuka kama mimi. Mama mmoja alitokea mbali kabisa, mtoto mgongoni, ameinua kitenge juu ya fimbo, anakimbia. Dereva akapiga honi. Akachomoza kichwa akakuita, "Gadi, tunachelewa, bwana."

Ukamwambia, "Namwona."

"Mimi simwoni."

"Wewe tazama mbele, ndiyo kazi yako. Nyuma ni kwangu."

Halafu ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mwingine. Uliizungusha bendera ya kijani kwenye kijiti chake mpaka ikawa imekunjwa kabisa, ukainyanyua juu ya kichwa, ukaishikilia hapo bila kuipepea. Yule mama akaacha kukimbia. Akaanza kutembea. Nikakuuliza kwa nini, ukasema, "Nimemwambia tumemwona. Asikimbie na mtoto." Alipofika hakuwa hata anahema. Alikusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," ukaitikia kama vile mmekutana njiani tu, ukampokea fimbo, akapanda.

Hicho ndicho nilichokiandika kwenye pendekezo langu. Kwenye gemu, ukichelewa kuondoka unakatwa alama. Mimi nikasema, kwenye njia hii, kabla ya kuondoka mchezaji atazame pande zote mbili. Akimwona aliyeinua kitambaa, amjibu kwa bendera iliyokunjwa na amsubiri. Akimwacha, hapo ndipo akatwe.

Hapo ndipo walipochachamaa. Fundi wao mkuu, kaka mmoja wa Morogoro tunayemwita Fundi Deni, mtu mpole tu, akaniandikia, "Mama Nyemo, njia yako ni nzuri, lakini gemu la treni ni nidhamu ya muda. Tukianza kungoja watu, hiyo siyo treni, ni mkokoteni wa mjomba." Wakacheka sana na vile vikatuni vyao vya kucheka mpaka machozi. Mwingine akaniambia ondoa hicho kipengele, njia yako inapita leo leo.

Baba, nilikuwa nimechoka. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kumwacha Nyemo kwa jirani akilia, nikakimbilia gari la kwenda Majengo nikashone, dereva akanitazama kwenye kioo, naapa alinitazama, akaondoka. Nikasimama pale na mfuko wangu wa vitambaa. Ningesema sawa, ondoeni, yaishe. Badala yake niliandika hivi: "Mimi ndiye yule mama anayekimbia. Mkiondoa bendera, ondoeni na njia yote, nitawapa mkono wa kwaheri bila kinyongo."

Nikaitupa simu ndani ya mfuko, sikuitoa mpaka jioni. Nikajisemea haya, umejiharibia mwenyewe. Wa kwanza kujibu alikuwa yule wa Tabora. Akaandika kwamba bibi yake aliwahi kusimamishiwa treni namna hiyo, naye siku zote alidhani bibi anatia chumvi. Fundi Deni akauliza, "Huyo baba gadi yuko hai?" Nikasema yuko hai, yuko Kibakwe, analima maharage na kubishana na mbuzi wa jirani. Akasema, "Basi tuletee vitu vyake vyenyewe, nitaijenga kama ilivyo."

Kwa hiyo imepita, pamoja na bendera. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Nyemo akacheka bila kujua kitu. Najua utasema, "Ilikuwa kazi tu, mwanangu, sote tulifanya hivyo." Usiwaambie hivyo. Wengine hawakufanya, niliwaona pia. Umenisomesha mpaka kidato cha nne, na namshukuru Mungu, lakini kitu nilichokipeleka mbele za watu nikakisimamia bila kuyumba nilikitoa kwenye behewa lako. Watu ambao hawataiona Kigwe maishani mwao watatazama kulia na kushoto kabla ya kuondoka, kwa sababu yako.

Nimeanza kumbeba Nyemo mgongoni nikipita kwenye kivuko cha reli. Treni ikipita anapunga mkono. Siku mtu wa kwenye treni akimpungia naye, nitakuandikia.

Msalimie Shangazi, na dawa ya presha umeze kila siku, siyo siku za kanisa tu. Ninakupenda na ninatamba kwa ajili yako mtaa mzima.

Sasa vitu ninavyohitaji. Fundi Deni anafunga kazi mwisho wa mwezi. Visipofika ataweka filimbi ya kizungu na treni itaondoka kwa saa yake, kwa hiyo usiseme kesho. Shangazi arekodi kwa simu yake filimbi yako, ile ya shaba, siyo ya mpira wa vijana: mara moja ukisimamisha, mara moja ukiruhusu, na kuku wafungiwe kwanza. Sauti yako ukiita majina ya stesheni, kutoka Kikombo mpaka Bahi na kurudi, kwa ule mvuto wako wa "Kigweee". Picha ya kofia. Picha ya bendera imefunguliwa, hata ule upande ulioungua, usiifue. Na picha moja ya mwisho, hii ndiyo naihitaji kuliko zote: simama uwanjani, bendera imekunjwa, mkono juu ya kichwa, usicheke. Shangazi asiipige kwa karibu. Aende mbali, mpaka mwisho wa shamba la maharage, aipige kutoka kule anakotokea mtu mwenye mtoto mgongoni.

Binti yako,
Mama Nyemo
Ipagala, Dodoma