Sala Niliyoikatiza Sapiwi

Jumamosi, Bariadi. Mvua imenyesha tangu mchana, wenye pamba wanashukuru, mimi tu ndiye sina amani.

Kila Jumamosi nafundisha darasa la Biblia la kina mama kule Sapiwi. Tangu nitoke chuoni nawaletea teolojia ya watu weusi kwa maneno mepesi: kwamba Mungu hakuletwa Usukumani ndani ya sanduku la mmisionari, alikuwepo, na bibi zetu walipomwita aliwasikia. Na elimu ya kweli, huwaambia, humfanya aliyenyamazishwa afungue kinywa. Kwa kusema, sijambo.

Leo tulikuwa na wageni, viongozi wa kanisa kutoka mjini. Nikauliza nani atatufungulia kwa sala. Akasimama Mama Minza.

Mama Minza! Huyu ukimwomba asali hucheka akajificha nyuma ya khanga. Leo akafumba macho, akamwita Mungu kwa Kisukuma, kwa jina ambalo bibi yake alimwitia kila alfajiri, akielekea jua linakochomoza.

"Liwelelo, wewe uliyetulea..."

Nikamwona mgeni mmoja amekunja uso. Nikaogopa: watasema nafundisha matambiko. Nikamkatiza.

"Mayu, mama yangu, tuseme Mungu. Tusali Kiswahili, tuna wageni."

Akafumbua macho. Angekasirika ningepata nafuu. Alisema tu, "Nisamehe mwalimu, mimi sijui kusali," akakaa. Nikamalizia mwenyewe kwa Kiswahili kilichonyooka, wageni wakaitikia amina kubwa.

Yule aliyekunja uso, kumbe alikuwa anaumwa jino. Aliniuliza baadaye kama kuna duka la dawa karibu.

Kwa hiyo hakuna aliyenituma nimnyamazishe. Mmisionari wa leo nilikuwa mimi, mwana wa Sapiwi, niliyebembelezwa kwa Kisukuma mgongoni mwa mama.

Naona aibu.

Wakati wa kuagana Mama Minza alinipigia goti kama siku zote, akanishukuru kwa somo. Somo gani?

Kesho baada ya ibada nitakwenda kwake. Sitabeba Biblia wala maelezo. Nitamwomba radhi, kisha nimwombe aanze ile sala pale nilipoikata, aniombee na mimi.

Lakini nalijua jibu ninaloliogopa. Je, akiniambia nisali mimi, kwa kuwa Mungu ananielewa mimi, si yeye?