Nimepungua Tumbo, Sasa Genge Linaningoja Msikitini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini uniruhusu nianze na furaha maana furaha ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Mimi ni mtu wa Makete kule kwenye baridi, elimu yangu ni darasa la saba, niko Mtwara miaka kadhaa sasa nafanya kibarua kwenye ghala la korosho pale bandarini, na nikikuambia kwamba leo asubuhi nimeinama nikafunga kamba za viatu vyangu bila kukaa kitandani na bila kuhema huenda usione ajabu, lakini mimi nilifunga, nikafungua, nikafunga tena kwa raha tu. Mkanda nimeutoboa matundu mapya kwa sindano ya kushonea magunia. Jioni natoka kazini natembea mpaka Shangani na kurudi kwa miguu, mimi ambaye mwaka jana kwenda dukani kununua sabuni nilikuwa napumzika njiani mara mbili.

Zamani nilikuwa mbebaji. Mgongo uliponikataa, kiongozi wa genge letu, kaka Ramadhani, ambaye angeweza kuniacha niende zangu kwa sababu sina ndugu hapa, alinikalisha kwenye kigoda nishone magunia yanayopasuka, na huyu ndiye mtu ninayeogopa kumpoteza. Basi nikawa nashona nimekaa kutwa nzima, ila tumbo langu halikuambiwa kwamba tumebadilisha kazi, likaendelea kula chakula cha mbebaji, asubuhi chapati na supu, baadaye vitumbua, mchana sinia la genge, ugali wa muhogo na samaki wa chukuchuku, na kwenye hilo sinia mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kunawa. Usiku nilikoroma mpaka mpangaji wa chumba cha pili akahama. Nesi wa zahanati akanipima presha, akatazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena, akanipa vidonge akasema, "Kaka, punguza mwili. Vidonge peke yake havitakuvusha."

Ndipo siku moja nikamsikia daktari redioni akieleza kwamba mtu anaweza kula ndani ya saa nane tu za siku, zile kumi na sita zilizobaki anaacha tumbo lipumzike, anakunywa maji tu, na mwili unaanza kula akiba yake wenyewe. Mshauri, nilisimama na sindano mkononi. Akiba ninayo, nikasema, hii hapa mbele yangu. Nikaamua chakula changu kiwe cha jioni tu, kwa sababu najijua, nikishaweka mkono kwenye sinia la mchana siutoi.

Shida ilianza siku ile ile ya kwanza, ilikuwa Jumatatu. Sinia limewekwa, watu wamenawa, mimi nimekaa kwenye kigoda changu nashona. Shafii, kijana mmoja wa genge anayependa sana utani, akaniita, "Wewe mtu wa baridi, samaki wamekukosea nini leo?" Nikasema sina njaa. Akasema, "Huna njaa wewe? Jamani, mshikeni, anakufa huyu." Watu wakacheka. Sasa hapa unielewe, kwenye genge letu kukataa sinia ni kama kuwaambia wenzako mikono yao haikupendezi, na mwanamume wa kubeba magunia akisema anapunguza mwili atachekwa mpaka meli iondoke, hayo ni maneno ya watu wenye magari. Lakini nilikuwa nimeona kwamba Jumatatu na Alhamisi wapo wenzetu wanaofunga sunna na hakuna anayewasumbua. Kwa hiyo nikasema, na hapa ndipo nilipokosea, nikasema, "Leo na mimi nimefunga kama nyinyi. Nimeanza kuipenda hii ibada yenu."

Kaka Ramadhani alilivuta sinia mbali nami akakaa kunipa mgongo, na wengine wakakaa hivyo hivyo, ili nisisikie harufu ya samaki.

Ningesema ukweli siku ile yangekwisha, lakini nilipungua, mshauri, wiki ile ya kwanza suruali ililegea, nikaona dawa imekubali. Jumatano nilipokataa tena kula, Shafii akasema, "Jumatatu na Alhamisi tunazijua, Jumatano unafunga nini?" Kaka Ramadhani akanijibia yeye, akasema kumbe ndugu yetu anafunga ile funga ya Nabii Daudi, ya kufunga siku moja na kula siku moja, na hiyo ni funga ya watu wenye moyo. Nikaitikia ndiyo. Zile siku za kula nikawa nasingizia kwamba nimeshakula nyumbani. Kisha tatizo likawa maji. Daktari alisema maji mengi, na aliyefunga kwa dini yao hanywi hata tone, kwa hiyo nikawa nakwenda kunywa nyuma ya marundo ya magunia kama paka anayeiba mchuzi, halafu siku moja nusura Shafii anikute na chupa, nikaacha kabisa kunywa mchana. Ghala lile lina vumbi la maganda na joto la bati juu, unaweza kufikiria mwenyewe.

Siku si nyingi zilizopita nikasimama kutoka kwenye kigoda nikaona magunia yanazunguka, nikaanguka. Nilipofungua macho kaka Ramadhani amenipakata kichwa, ameshika kikombe, ananiambia, "Kunywa, Eliasi. Mgonjwa ameruhusiwa. Siku nyingine utafunga ukipona." Maana jina langu ni Elia na wao wameshaligeuza, wanasema tangu zamani lilikuwa la kwao. Nikayanywa yale maji mbele ya watu wote, maji ambayo kwangu yalikuwa halali tangu mwanzo, na niliona haya kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Na wema hauishi. Kila jioni ya siku ya kufunga mke wake, Bi Zuhura, ananiwekea futari, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tende, na kaka Ramadhani mwenyewe anaileta kwa baiskeli mpaka chumbani kwangu, Magomeni ya hapa hapa Mtwara, kwa sababu anasema aliye mbali na kwao asifuturu peke yake. Hakuwahi kunisukuma. Aliniambia, "Dini hailazimishwi, bwana Eliasi, ila ukifika mlangoni usiogope kubisha." Nikajibu Inshallah, nikidhani nimejibu kama mtu mwenye adabu, kumbe nimeweka ahadi. Sasa imepangwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi nikaslimu baada ya swala, genge lote litakuwepo, Bi Zuhura atapika pilau, na kanzu ameshanishonea. Nimeijaribu. Imenikaa vizuri mno, tumbo halionekani kabisa, na hapo nikakaa chini nikataka kulia.

Wakati huo huo dereva wa lori la viazi wa kwetu alinikuta nimekaa na bakuli la tende akaenda kupeleka habari Makete. Mke wangu Yustina akanipigia. Akasema, "Baba Esta, nasikia umeslimu." Nikasema hapana. Akasema, "Nasikia pia umekonda." Nikasema ndiyo, nimekonda vizuri sana, kwa furaha kabisa. Akasema, "Mwanamume akikonda ugenini kuna anayemkondesha. Mwambie nimemsalimu." Tangu hapo hapokei simu yangu.

Sasa mshauri, niambie. Niende tu msikitini ili nisiwaaibishe watu walionitendea wema, nimalize? Au nihamie genge lingine kimya kimya? Au niseme, na nikisema niseme vipi, kwa sababu kaka Ramadhani akinigeuzia mgongo kwa hasira sijui nitamtazama nani katika mji huu. Na jambo jingine, presha imeshuka, nesi ameshangaa, je naweza kuacha vidonge? Kufunga sitaki kuacha. Tangu nizaliwe sijawahi kuona kitu nilichokianza mwenyewe kikakubali hivi.

Ni mimi Elia, mshona magunia.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Elia, hongera kwa kamba za viatu. Nasema kweli, nimefurahi nawe, maana wengi wanatuandikia kuulizia dawa za kupunguza tumbo na wewe umelipunguza kwa kufunga mdomo. Sasa ukae vizuri kwenye hicho kigoda nikuseme.

Vidonge usiache. Presha imeshuka ukiwa unavimeza, huwezi kujua itafanya nini ukiviacha, na wa kuvipunguza au kuviondoa ni daktari, wala si mimi wala si wewe. Rudi zahanati wiki hii hii, uwaambie wazi kwamba unakaa muda mrefu bila kula na kwamba ulianguka, kwa sababu nina hakika hilo la kuanguka hukulisema. Mtu wa presha anayemeza dawa halafu akakaa kutwa bila maji chini ya bati anatafuta makubwa kuliko kizunguzungu. Daktari wa redioni alikuambia unywe maji. Aliyekunyima maji ni uongo wako, usimsingizie mwingine. Na Shafii au yeyote akitaka kukuiga, mwambie aulize kwanza hospitali, hasa mwenye sukari, mwenye vidonda vya tumbo, au mama mjamzito.

Halafu nani alikuambia hizo saa nane lazima ziwe za usiku? Wakikukubalia zahanati, anza kula mchana na genge, umalize mapema jioni. Kinachokatwa ni chapati, supu na vitumbua vya asubuhi. Kaa na wenzako, ule, na unawe mikono ungali unatamani tonge jingine. Utasema huwezi kutoa mkono kwenye sinia. Mtu aliyeweza kupita mbele ya samaki wiki baada ya wiki ataweza na hilo.

Sasa tuje kwenye kidonda. Barua yako nimeisoma mara mbili. Viatu nimevikuta, mkanda nimeukuta, suruali nimeikuta. Mungu sikumkuta. Ungeniandikia kwamba moyo wako umevutwa na dini ya rafiki zako, ningekujibu kwa namna nyingine, ningekuambia umweleze mkeo kwanza kisha ufuate moyo wako. Lakini kuslimu kwa sababu unaona haya kusema hapana ni kuidharau dini unayoingia na ile unayotoka, zote mbili kwa siku moja. Msikitini Ijumaa hiyo usiende.

Kuhama genge kimya kimya ndiyo kubaya zaidi. Ramadhani atakutafuta. Atadhani unaumwa, atakuja na ile baiskeli. Utamwambia nini?

Wenzako walipokugeuzia mgongo na chakula chao hawakulistahi tumbo lako, waliistahi ibada waliyodhani unaifanya. Hilo ndilo ulilowachukulia, na hilo ndilo utakaloliombea radhi. Nenda nyumbani kwa Ramadhani, si bandarini mbele ya watu. Mkute na Bi Zuhura, maana na yeye alishinda jikoni kwa ajili yako na sindano yake ilifanya kazi. Mrudishie kanzu mkononi mwake, imekunjwa. Usiende na zawadi ya kulainisha maneno. Usianze kwa kusema walikuelewa vibaya, walikuelewa vizuri sana, wewe ndiye uliyesema uongo. Sema, "Nilikuwa napunguza tumbo, niliogopa kuchekwa, nikajifunika kwa ibada yenu. Nisameheni." Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akikasirika ana haki. Akikuuliza genge liambiwe vipi, mwachie aamue yeye, na litakavyokucheka ucheke nalo au uvumilie. Kuchekwa hakujawahi kumwangusha mtu ghalani. Kiu imeshakuangusha wewe.

Mkeo hapokei simu lakini ujumbe atausoma. Mwandikie leo: sijaoa, sijaslimu, nimepunguza tumbo kwa kuacha kula hovyo, nisamehe sikukueleza mapema. Mwambie ampigie Bi Zuhura akitaka. Lakini hakikisha Bi Zuhura ameshausikia ukweli kabla simu hiyo haijaingia.

Na sasa jambo la haraka. Jina lako na majina ya wote uliowataja nimeyabadilisha, hata mitaa nimeichezea. Lakini gazeti hili linafika Mtwara Jumatano mchana, na mshona magunia anayepelekewa futari kwa baiskeli na kiongozi wake ni mmoja tu bandari nzima, na wenzako wanajua kusoma. Ramadhani anastahili kuusikia mdomoni mwako kabla hajausikia kwa mtu anayefungia maandazi gazeti hili. Umeshamaliza kusoma. Inuka uende.