Talaka Ndani ya Gunia la Mbatata

Bi Mwanamkasi, shikamoo. Nakuandikia hapa gazetini, na nakuomba unijibu upesi, maana hapa nilipo sijui kama mimi ni mke wa mtu au mtalaka.

Mume wangu Simai ni hamali, ana rukwama yake Darajani, kazi yake kubeba mizigo ya watu, hafungui wala haulizi, basi mwaka jana akapewa gunia la mbatata bandarini alipeleke Mchangani, mwenye gunia akamwambia tangulia nakuja, hajaonekana mpaka leo, na njiani askari wakamsimamisha, wakalipasua gunia, chini ya mbatata wakakuta bangi imefungwa kwa magazeti, watu wamejaa, na Simai kwa kiherehere chake akapiga ukelele, "Wallahi, kama nnajua kilichomo humu, mke wangu Wanu kaachika talaka tatu!" Mahakamani akayarudia maneno yale yale mpaka hakimu akamwambia, "Nyamaza, hapa si kwa kadhi." Akafungwa miaka miwili, hakimu kasema gunia kakutwa nalo, basi alijua.

Nilihangaika, Bi Mwanamkasi. Nilipika nikampelekea jela, nikamwandama wakili mpaka rufaa ikasikilizwa Korti Kuu, na wiki iliyopita jaji akasema kukutwa na mzigo wa mtu hakutoshi, lazima ithibitishwe kwamba mbebaji alijua kilichomo, na haikuthibitishwa, basi aachiwe huru, nami nikapiga vigelegele mle mle kortini mpaka askari akanitoa nje, wala sikujali, nililia kwa furaha njia nzima tukirudi naye nyumbani, nikateleka pilau, majirani wakaanza kuja, na hapo ndipo kaka yangu Msabah akanivuta pembeni jikoni.

"Wanu, hukusikia? Jaji hakusema Simai hakujua. Kasema haikuthibitishwa kama alijua. Ni vitu viwili hivyo. Ikiwa alijua, wewe si mkewe, na kulala naye leo ni zinaa."

Nikavaa buibui nikaondoka na kaka yangu kuja kwake Chwaka, pilau nimeiacha motoni, mume wangu nimemwacha anaoga, hata kwaheri sikumpa. Na mimi namjua Simai, hata sigara havuti, lakini hilo neno la Msabah limeniingia na halitoki.

Juzi Simai kaja na gari ya shamba, kasimama mlangoni anaita, "Mke wangu Wanu! Mke wangu, nimekuja kukuchukua!" Majirani wote wanasikia. Mimi nipo nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa leso, sikumwitikia, akangoja, kisha akaondoka. Niambie bibi yangu, nimeachika au sikuachika?

Wanu, Chwaka

*

Wanu mwanangu, marahaba. Pole, na hongera pia, maana mumeo katoka jela mzima na wewe badala ya kula pilau unakula shaka.

Kwanza nimgombeze Simai. Mtu akikamatwa na gunia la mbatata, nani kamwambia amtie mkewe ndani yake? Mungu yupo wa kuapiwa, na anatosha. Mwambie mimi nimesema.

Sasa wewe. Siku ile hakimu aliposema Simai alijua, ulikaa eda? Hukukaa. Ulipika, ukabeba bakuli mpaka mlango wa jela ukajitaja mke wa Simai, wala huyo Msabah hakukuvuta pembeni. Basi alipofungwa hukuachika, leo kaachiwa ndiyo uachike? Aliyeachiwa ni yeye, mwanangu. Wewe hukuachwa na mtu.

Maneno ya jaji kaka yako kayasikia vizuri, sikatai. Lakini jaji hakuulizwa habari ya ndoa yako. Aliulizwa kama Serikali imethibitisha kesi yake, akajibu haikuthibitisha, akaondoka zake. Kiapo kile kimesimama juu ya alichokijua Simai, na hilo, baada ya Mungu, analijua Simai mwenyewe. Umemuuliza? Ah! Umemuuliza Msabah, ambaye hata rukwama hajapata kuisukuma.

Na Simai keshakujibu, ila leso ilikuziba na masikio. Mwanamme anayejua kamwacha mkewe hapandi gari mpaka Chwaka kuja kusimama mbele ya watu akiita mke wangu, mke wangu. Angejificha. Angetafuta maneno. Huyu kaita kwa sauti.

Hata hivyo mimi si kadhi, na moyo wako hautatulia kwa maneno ya gazetini. Kesho panda gari ya asubuhi uje mjini, umkute Simai, mwende nyote wawili kwa kadhi, aseme mbele yake alichokijua na asichokijua, kadhi akuambieni, yaishe, kisha mrudi nyumbani mkale. Nguo zako zifungashe zote, usiache hata kanga moja Chwaka, maana sioni sababu ya kurudi kuifuata. Msabah mshukuru kwa chakula na umwache huko huko na busara zake.

Ukitokeza pale kichochoroni Simai atakuona kabla hujapiga hodi, na atakuita tena. Safari hii, Wanu, mwitikie.