Mbuzi wa Babu

Shoga, nimechoka mpaka kope. Nimejificha jikoni, najifanya naosha masufuria.

Leo si tumemfanyia babu sherehe ya miaka tisini? Mama akanipa kazi ya kusoma historia yake. Unakumbuka ile niliyoiandika mwaka jana alipolazwa, tukajua ndiyo tunazika? Sikujisumbua kuandika nyingine. Nikafungua simu, nikasoma hiyo hiyo bila hata kuipitia.

Nikasoma "marehemu". Mbele yake! "Marehemu alikuwa mchapakazi, ameacha watoto saba..."

Mama kajishika kichwa. Mjomba kanikodolea macho. Mimi natamani ardhi ipasuke.

Babu akanyoosha fimbo: "Endelea. Wangapi wamebahatika kusikia historia yao?"

Nikaendelea. Nikafika utotoni: "Alikulia kijijini akichunga mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

Marehemu anauliza, shoga. Marehemu!

"Kwetu hatukuwa na mbuzi hata mmoja. Mimi nilikuwa nawinga ndege wasile mazao shambani kwa mama yangu. Kutwa nagonga debe na kupiga makelele, mpaka sauti ikaharibika. Haikurudi tena."

Ile sauti yake ya kukwaruza, shoga. Miaka yote tunamwigiza, tunacheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baadaye kaniita pembeni. Nikajua leo nasemwa mpaka basi. Akaniinamia sikioni, taratibu kabisa:

"Hilo la marehemu liache, litakuja kufaa. Wewe nitolee humo wale mbuzi."