Neno moja la Kisukuma

Mhunze, Jumanne

Vicheko vyao bado viko masikioni. Mtaalamu wa mradi kasema ametuletea teknolojia mpya ya kukabili ukame: kufunga kipande cha malisho ili nyasi zipumzike, huku setilaiti ikizipima kutoka juu. Mimi, mkalimani, nikatafuta Kisukuma cha hayo yote, likanitoka neno moja tu: ngitili.

Kina mama waliokuja mkutanoni wakacheka.

"Masanja, si kama ile ya marehemu baba yako?" akauliza Mama Kulwa. "Uliyoifyeka ukalima pamba?"

Mtaalamu akauliza wanasemaje. Nikamwambia wamefurahi.

Sasa nikifumba macho, nyasi za baba zinanifika kifuani, mbichi katikati ya kiangazi, na ndama wanasikika tu, hawaonekani.

Kesho mtaalamu anataka kuonyeshwa eneo la majaribio. Nitampeleka kwenye pamba yangu.